Jeneza Ndani ya Gari, Ufunguo Haupo

Aibu nyingine mtu akiipata mbele ya watu wawili watatu huwa inaisha yenyewe, lakini mimi yangu niliipata mbele ya mchungaji, kwaya nzima ya Wakongo, majirani wa Kasubi, waendesha boda wa stendi ya pale juu na marehemu mwenyewe akiwa amelala ndani ya gari langu, kwa hiyo nikiisimulia leo sitoi siri yoyote, Wakenya wote wa Kampala wanaijua, tena wako wanaoisimulia kwa kuongeza chumvi (eti nilipanda juu ya jeneza nikikagua; sikupanda, Mungu ni shahidi). Ndiyo maana nimeona afadhali niseme mwenyewe, polepole, jinsi ilivyokuwa.

Hapa Mengo, Kampala, wananiita Mama Neema. Nina hoteli ndogo ya chai na chapati, na kwa ajili ya hiyo hoteli nina van moja nyeupe, kuukuu, ya kubebea unga, makaa na masufuria watu wanaponiita kupika kwenye sherehe. Aliyenipokea nilipotoka Bungoma, wakati sijui hata kusema asante kwa Kiganda, alikuwa ni Barasa, mtu wa kwetu, mwokaji mikate kwenye bekari moja hapo Mengo. Barasa ndiye aliyenitafutia chumba, ndiye aliyenionyesha wapi pa kununua unga bila kupunjwa, na kila asubuhi alipotoka zamu alipita kwangu akiwa na unga kwenye nyusi, akanywa chai amesimama, kwa sababu alisema akikaa atalala. Mtu mpole kupita kiasi. Alioa mwanamke wa Bukavu anayeitwa Furaha, aliyekutana naye kanisani, mkimbizi aliyekuja na begi moja, na hilo jambo la kuoa Mkongo kwao halikuwapendeza. Wala sijui kwa nini, hawakuwa wamemwona. Miaka yote Barasa alisema mwaka huu nampeleka nyumbani mama amwone, mwaka ukaisha, ukaja mwingine, halafu siku moja presha ikamwangusha mbele ya tanuri, na hakuamka tena.

Basi kutoka Bungoma akatumwa mdogo wake, Wekesa, aje asindikize maiti. Alifika na uso wa mtu aliyekuja kuchukua mali yao. Huko nyumbani kulikuwa na maneno kwamba mjane anataka kumzika mtu wao Kampala ili abaki na vitu vyake (vitu gani? kitanda, redio na baiskeli?), na wazee walimwagiza Wekesa mambo mawili: maiti ifike jua likiwa bado liko juu, na jeneza likishafungwa Kampala lisifunguliwe mpaka mbele ya mama yake. Furaha aliyasikia yote hayo. Alikuja kwangu tu, akaniambia, "Dada, munipatie gari. Nimupeleke mwenyewe, nisimutume kama muzigo." Ningesema nini? Nikatoa viti vya nyuma, nikaliosha gari mpaka likashangaa, na namba yake ikaandikwa kwenye karatasi ya ruhusa ya kuvusha maiti mpakani. Hilo la namba likumbukeni, maana ndilo lililotufunga mikono baadaye.

Sasa nije kwenye kile chuma.

Siku zile magari yalikuwa yanaibwa sana, mtu anaingia dukani kununua soda akitoka anakuta doa la mafuta tu barabarani, na mimi nikaenda Kisenyi, kwenye maduka ya vipuri, nikanunua chuma cha kufungia usukani, kirefu, chekundu, kinachoshika usukani upande huu na huu ili gari lisiweze kukata kona. Kilikuwa cha mtumba, na kilikuja na ufunguo mmoja tu. Ufunguo wenyewe si kama wa mlango; ni kijibomba kifupi cha mviringo, mdomo wake uko wazi kama mrija, na tundu lake kwenye kufuli nalo ni la duara. Muuzaji aliniambia, "Mama, hii hakuna mwizi anaweza." Nikafurahi. Kukifunga hakuhitaji ufunguo, unasukuma tu kinalia ka! Kufungua ndiyo lazima uwe nao. Na kwa kuwa haukuingia vizuri kwenye pete ya funguo zangu nyingine, nikawa nauacha peke yake, mara mfukoni, mara kwenye pochi, mara kidoleni kama pete.

Jumamosi ile asubuhi nilifika mapema nyumbani kwa marehemu, kule Kasubi. Uwanja wa nyumba ulikuwa umejaa, kwa hiyo nikaegesha kando ya barabara inayopanda kwenda Masiro, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda. Nilishashuka, nilishafunga mlango, nikaanza kutembea, halafu nikawaona vijana fulani wamekaa ukutani wakiliangalia gari (walikuwa wanaangalia jeneza likishushwa kutoka gari la hospitali, maskini, wala si langu), nikajiambia, je, nikitoka kwenye maombi nikute gari la msiba limeibwa? Nikarudi. Nikasukuma kile chuma. Ka! Nikaenda zangu moyo umetulia, nikijiona mwanamke mwenye akili.

Maombi yalikwenda vizuri. Mimi nilikuwa huku na huku, nasaidia kuosha vikombe nyuma ya nyumba, naleta viti, namtengeneza Furaha kitambaa kichwani. Wakati wa kumwona marehemu kwa mara ya mwisho nilipita kwenye foleni, nikainama kumweka sawa kola ya shati kwa sababu ilikunjika upande mmoja, na Barasa alikuwa mtu wa kupenda kola yake ikae. Furaha alipofika yeye miguu ilimwisha. Wanawake wakamdaka, wakamvuta pembeni wakimpepea, na kabla hajapata nguvu tena Wekesa alikuwa ameangalia saa na kusema barabara ni ndefu, jeneza lifungwe. Likafungwa kwa skrubu. Wanaume wakalibeba mpaka kwenye van, wakaliingiza, Furaha akakaa upande mmoja wa jeneza na Wekesa upande mwingine, hawatazamani. Kwaya ikajipanga barabarani ikaanza wimbo wa kumsindikiza. Mchungaji akainua mkono. Mimi nikapanda, nikawasha gari, nikawapungia watu mkono kwa heshima zote kama nilivyoona madereva wa misiba wanafanya, nikashika usukani.

Nikashika chuma.

Kwanza sikushtuka. Nikatia mkono mfukoni. Hakuna. Nikafungua pochi, nikautafuta, nikaimwaga yote kitini, vitambaa, peremende, risiti, dawa ya kichwa. Hakuna. Nikajipapasa mpaka kule ambako mwanamke huweka vitu vyake vya thamani, mbele ya kioo, mchungaji akinitazama mkono wake ungali juu. Nikazima gari. Kwaya ikaendelea, wimbo ukaisha, wakanitazama, wakaanza mwingine. Huo nao ukaisha. Wakaanza upya ule wa kwanza.

"Kuna nini, mama?" Wekesa akauliza kutoka nyuma.

"Hakuna kitu," nikasema. "Natafuta ufunguo."

"Si gari limewaka?"

Nikashuka, nikarudi nyumbani kwa marehemu nikiwa nimeinama kama mtu anayeokota maharage, na watu walipoona naangalia chini nao wakaanza kuangalia chini, wanaume wa suti, akina mama wa magauni ya gomesi, kila mmoja akiuliza mwenzake tunatafuta nini. Tuliupekua uwanja ule. Tulipekua viti, mikeka, majani ya migomba. Nilipokubali kwamba haupo, nilirudi nikasema kwa sauti, barabarani, mbele ya wote, kwamba nimefunga usukani na ufunguo umepotea. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, ikaniacha nimesimama pale pale na gari langu safi.

Mtasema, si mngehamishia jeneza gari lingine? Tulifikiri hivyo. Magari mengine mawili yaliyokuja yalikuwa madogo, jeneza haliingii, na hata tungepata kubwa, ile ruhusa ya mpakani ilikuwa na namba ya van yangu, na ofisi ya kuibadilisha Jumamosi haifunguliwi. Gari lilikuwa ni hilo, na hilo lilikuwa limefungwa na mimi mwenyewe.

Hapo ndipo mwanakwaya mmoja wa kiume, mrefu, sauti nzito, akasema amewahi kuona kwenye simu jinsi kufuli ya tundu la duara inavyofunguliwa kwa kalamu ya bairo: unatoa ule mrija wa wino, unaingiza ganda lake kwenye tundu, unasukuma huku unazungusha, plastiki inashika umbo la ndani, inafunguka. Alisema kwa uhakika sana. Mchungaji akatoa kalamu yake ya shati. Haikuingia, ilikuwa nene. Zikaletwa nyingine, mpaka ikapatikana moja iliyoingia, na mimi, kwa haraka yangu, nikasema nipe mimi, gari ni langu. Nikasukuma. Nikazungusha. Nikasikia kitu kimelegea, nikapiga kelele, "Asante Yesu!" na kwaya ikajibu, "Ameni!" Nikavuta. Nusu ya kalamu ilikuwa mkononi mwangu na nusu imekatikia ndani ya kufuli.

Yaani sasa hata ufunguo ungepatikana, usingeingia.

Wekesa alishuka. Hakunitukana, ningependa angenitukana. Alipiga simu nyumbani kusema tutachelewa, na simu yake ilikuwa ya zile ambazo spika yake ya sikioni imekufa, kwa hiyo anaongea kwa ile sauti ya wote kusikia. Alijaribu kuelezea usukani na kufuli, kule upande wa pili baba yao mdogo akamkata: "Wewe mtoto, unadanganywa! Mwambie huyo Mkongo atuletee mtu wetu. Kama anataka kumzika huko aseme, tuje wenyewe!" Furaha alikuwa amekaa kando ya jeneza, mkono wake umelalia ubao, na alisikia kila neno. Mimi nilikuwa nimesimama na ganda la kalamu. Nawaambia, nimewahi kupigwa na mwizi, nimewahi kuunguza wali wa harusi, lakini sijawahi kujisikia mdogo kama wakati ule, maana kosa langu la kipumbavu lilikuwa limegeuka kuwa ushahidi wa uongo juu ya mwanamke asiye na mtu wa kumtetea.

Kama vile hayo hayatoshi, jirani yake Furaha, mama mmoja Mganda tunayemwita Nalongo kwa sababu ana mapacha, mtu mwema sana, alikuwa amesimama anafikiri, akanigeukia. "Mama Neema," akasema, "wewe uliinama kule ndani ya sanduku, ukatengeneza shati ya mufu. Ule wakati hukuwa na kitu mukononi?"

Watu wote wakageuza macho, kwanza kwangu, halafu polepole kwenye jeneza.

Nilijaribu kukumbuka. Nilikuwa nao kidoleni? Sikuwa nao? Kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyouona ukidondoka kimya kimya kwenye kile kitambaa cheupe. Nikasema, "Sijui. Labda." Neno hilo labda ndilo ninalolijutia kuliko yote. Maana hata tungeupata, kalamu ilikuwa imeziba tundu. Lakini watu walikuwa wameshaanza kusema kalamu inaweza kuchokolewa kwa sindano, ufunguo kwanza, ufunguo kwanza.

"Jeneza halifunguliwi," Wekesa akasema. "Nimeagizwa. Likifunguliwa njiani nitasema nini kwa mama?"

"Na tukikaa hapa utasema nini?" mchungaji akamuuliza.

Wakabishana, watu wakaingilia, wengine wanasema ni dhambi, wengine wanasema ni ufunguo tu, na sauti zikapanda mpaka Furaha akashuka garini. Akamwendea Wekesa, akasimama mbele yake.

"Shemeji," akasema, "muko munabishana juu ya bwana yangu nami niko hapa. Mufungule. Miye mwenyewe nitatafuta. Mama akiuliza, museme ni Furaha alifungula."

Wekesa alimtazama. Nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtazama. Akaenda mwenyewe kuomba bisibisi.

Basi jeneza likatolewa tena, likarudishwa uwanjani, likawekwa kwenye zile meza lilipokuwa asubuhi, na skrubu zikafunguliwa moja moja, na bisibisi ilikuwa ndogo, ikawa inateleza inachubua mbao. Vilio vikaanza upya kana kwamba Barasa amekufa mara ya pili. Nilipiga magoti pale nikasema nitafute mimi, ni kosa langu, Furaha akanisogeza kwa mkono. Alianza kwenye mto, akapitisha vidole chini ya kichwa, akafuata mabega, mikono, pembeni mwa koti, mpaka kwenye soksi, taratibu, kama mama anayemtafuta mtoto chawa, na baada ya hapo nikaona mikono yake haitafuti tena. Ilikuwa imetulia kifuani kwa Barasa. Akamwambia maneno kwa lugha yao ya Bukavu, si mengi, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayemwambia mumewe jambo kabla hajatoka kwenda kazini. Akambusu kwenye paji, akasimama.

"Haiko," akasema. "Mufunge."

Ufunguo haukuwamo. Nilikuwa nimewafungulisha watu jeneza lao bure.

Jeneza likarudishwa garini kwa mara nyingine, na Nalongo akamtuma mwendesha boda Kisenyi akamlete fundi anayemjua, Sula, fundi wa makufuli. Sula alikuja na begi la vyuma, amevaa kofia, akawapa watu pole, akaingia kwenye kiti changu, akachungulia tundu.

"Nyabo," akaniita, yaani mama kwa Kiganda, "nani aliweka prastiki?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa. Alichokoa vipande kwa waya, vikatoka vichache, vingine vikaingia zaidi. Alitoa kifaa chake cha mviringo chenye vijiti vya chuma, akakiingiza, akakipapasa kama daktari anayesikiliza tumbo, kikakwama kwenye plastiki, kijiti kimoja kikakatika. Akaomba drili. Drili ilikuwepo kwa jirani, umeme ndio haukuwepo. Akajaribu kukikata chuma chenyewe kwa msumeno, meno ya msumeno yakaisha yote na chuma hakikupata hata mkwaruzo (muuzaji hakunidanganya). Jasho lilikuwa linamtiririka. Akaegemea kiti, akautazama usukani, na nikaona amepata wazo ambalo hataki kulisema.

"Sema tu," nikamwambia.

"Kweri nyabo, hii chuma hatuwezi. Lakini usukani si chuma sana. Ndani kuna kachuma kadogo, juu ni mpila. Nikikata usukani hapa, mahali pamoja tu, naukunja kidogo, kufuli inatoka. Gari itaenda. Lakini usukani utakufa."

Sikufikiri. "Kata," nikasema.

Alipotoa msumeno mwingine akaanza kukata, stendi nzima ya boda ilikuwa imekuja. Walizunguka gari, wanachungulia madirishani, wengine wanapiga picha, na ule mlio wa msumeno ulikuwa unaingia mpaka kwenye meno. Usukani ulipokatika, Sula na Wekesa wakaushika kila mtu upande wake, wakavuta, ukafunguka mdomo kama bangili, kile chuma kikachomoka, na wale boda wakashangilia! Wakapiga makofi na miluzi, wakapiga honi, kama mpira umeingia golini, na jeneza lipo pale nyuma yangu. Mchungaji aliwakemea wakavua kofia. Nalongo akachana kitambaa cheusi, akanifungia zile ncha zilizokatika zisinikate mkono. Kwaya ilikuwa haina sauti tena, wakatupungia tu. Ndivyo nilivyoondoka Kasubi na Barasa, nimeshika usukani wenye pengo, uliofungwa kitambaa cheusi kama aliyefiwa ni gari.

Tulipita Jinja, tukapita Iganga, na kila nilipokata kona usukani ulinesa mkononi nikaomba Mungu. Karibu na Bugiri simu yangu ikalia, nikampa Wekesa apokee kwa sababu naendesha, akaiweka kwa sauti ya wote kusikia. Alikuwa Nalongo. Akasema alikuwa anamwaga maji ya vikombe, ameinua kisahani cha sabuni nyuma ya nyumba, ufunguo uko chini yake. Nikakumbuka papo hapo: niliuvua kidoleni ili nioshe vikombe. Halafu nikasikia sauti ya ajabu nyuma, nikadhani Furaha analia, kumbe anacheka, anacheka huku machozi yanamtoka, na Wekesa naye akajifunika uso kwa mkono mabega yakimtikisika.

Baadaye Furaha akasema, akiwa amelitazama jeneza, "Dada, usijisumbue sana. Asubui bamama balinivuta, sikumuonaka muzuri. Sasa nilimuona."

Mpakani ofisa alichungulia, akauona usukani, akaniuliza gari limeumwa na nini. Nikamweleza. Akagonga mihuri bila kuuliza zaidi.

Tulifika kwao jua limeshazama, kumebaki mwanga mwekundu tu. Watu walikuwa wamejaa langoni, na haikuwa ile namna ya kujaa ya kupokea mgeni. Baba mdogo, yule wa simu, akaja moja kwa moja nyuma ya van, milango ikafunguliwa, na kitu cha kwanza alichokiona ni zile mbao zilizochubuka kwenye skrubu. "Limefunguliwa," akasema. Akarudia kwa Kibukusu, kwa sauti, na manung'uniko yakaenea mpaka nyumbani. "Nani amefungua? Walikuwa wanatafuta nini ndani ya mtoto wetu?"

Furaha akafungua mdomo aseme ni yeye. Nikamuwahi. Nilisimama mbele ya kijiji chote, nikawaeleza yote, chuma, ufunguo, kalamu, ile labda yangu, Sula, boda, kisahani cha sabuni, sikuficha kitu, nikainua na kile chuma chenyewe wakione na plastiki ndani. Kuna waliocheka. Kuna waliosema mwongo. Wekesa akasema, "Ni kweli. Nilikuwepo. Na bisibisi niliomba mimi." Baba mdogo akasema Kampala wamemnunua hata Wekesa.

Ndipo watu wakapisha, akaja mama yake Barasa. Mwanamke mfupi, amejifunga shuka kiunoni. Hakuenda kwenye jeneza kwanza. Alizunguka mpaka mlango wa dereva, akamulika kwa tochi, akautazama usukani, akaushika, akagusa kile kitambaa cheusi, akapitisha kidole kwenye pengo. Akamwita shemeji yake, yule baba mdogo.

"Njoo uone," akamwambia. "Mtu anayetaka kubaki na maiti anakata usukani wa gari?"

Yule mzee akachungulia, akarudi nyuma. Mama akauliza, "Mke wa Barasa ni yupi?"

Furaha akashuka, akapiga magoti chini kwenye vumbi kama alivyofunzwa kwao. Mama akamwinua, akamfuta magoti kwa ncha ya shuka lake, akamshika mkono, akamwingiza ndani, jeneza likifuata nyuma yao, na usiku ule wa mkesha walikaa pamoja kichwani pa Barasa, mkeka mmoja.

Mimi nililala garini. Kesho yake tulimzika, nikarudi Kampala na usukani ule ule, na mpaka leo Mengo wapo wanaoniita Mama Usukani. Wateja wengine wananiletea kalamu za bairo wakilipa chai, wanasema ni zawadi. Nacheka nao. Lakini nimeapa: sifungi tena kitu ambacho ufunguo wake ni mmoja, siuvui ufunguo kidoleni hata kama vikombe vina mafuta ya nguruwe, na siku nikiulizwa swali mbele ya jeneza la mtu na jibu silijui, nitasema silijui, ninyamaze. Ile labda sitaisema tena.